Mama Mkwe Juu ya Mizani

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi uwanja wa ndege wa Tororo, Uganda, mwaka wa 1965, huniuliza kama nilikuwa rubani. Nikiwaambia hapana, nilikuwa mpimaji wa abiria na mizigo, hunitazama kwa huruma. Huruma yao wakae nayo. Rubani hakuweza kuwasha injini mpaka apate karatasi yangu mkononi.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini mbili na viti vinane, na chini ya mkia ilikuwa na gurudumu dogo la kuichukua inapokuwa ardhini. Ilitoka Nairobi, ikapitia Kisumu, ikatua kwetu kwenye nyasi, kisha ikarudi ilikotoka. Ndege ya namna hiyo haijali cheo cha mtu, inajali uzito wake tu. Chifu alipanda mizani, padri alipanda mizani, na mwenye duka kubwa la mjini alipanda mizani huku amevuta tumbo ndani, ingawa tumbo likivutwa ndani uzito haupungui. Mimi nilisoma ratili kwa sauti na kuandika. Wazito walikaa mbele, wepesi nyuma. Mkia ukizidiwa, pua ya ndege huinuka kabla ya wakati wake, na hapo rubani hana la kufanya ila kumwomba Mungu.

Kabla ya hapo nilikuwa napima pamba Dabani. Kazi ya pamba ni ya msimu: miezi mitano unaitwa karani, miezi saba unaitwa mzururaji, na mkeo ndiye wa kwanza kukuita hivyo. Kisha safari za ndege Tororo zikaongezwa kutoka moja kwa wiki hadi tatu, wakatafutwa watu. Wakatafutwa wa kujaza mafuta, wa kukaa na ndoo za mchanga moto ukitokea, wa kupakia, na mtu anayejua mizani. Mkuu wa kituo, Bwana Obbo, Mpadhola mmoja mwembamba asiyecheka, alinipa gunia nilipime mbele yake. Nilipomaliza akasema, "Wewe hapana egemea mizani. Njoo Jumatatu."

Nilipewa miezi sita ya majaribio. Nikifaulu, ningepelekwa Nairobi kusomea upangaji wa mizigo ya ndege, nirudi na kazi ya kudumu. Nikishindwa, pamba ilikuwa inaningoja. Na masharti ya Obbo yalikuwa mafupi: "Namba moja ya uongo, wewe nakwenda nyumbani. Hata kama ni ratili moja."

Nilikuwa mwezi wa tano, sijakosea hata mara moja, wakati mama mkwe alipopata tikiti.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya, na mke wangu Norah ni Mpadhola wa Mulanda. Kwetu na kwao jambo hili ni moja: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki hiyo, ni heshima, na ni nzito kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Nilikuwa nimemwoa Norah miaka sita, na mama yake nilimjua kwa sauti na kwa miguu tu. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Acheni nibaki na adabu hata kwenye karatasi.

Mwanawe wa kwanza, Ofwono, alikuwa fundi wa injini za ndege Nairobi. Shirika lake lilikuwa linampa kila fundi tikiti moja kwa mwaka ya mzazi wake, naye akamtumia mama. Norah alinipa habari hiyo Jumamosi nilipokwenda nyumbani, amejaa furaha hadi ugali ukaungua kidogo.

"Mama atapanda ndege! Jumatano!"

"Jumatano nipo kazini," nikasema.

"Basi si utampima wewe mwe—" Akajiziba mdomo.

Tulitazamana, tukacheka. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Hebu fikiria umsimamishe mama mkwe wako juu ya chuma, umtazame kuanzia wayo hadi utosi, halafu utangaze uzito wake mbele ya watu kama gunia la pamba. Kwao Mulanda wangelizungumza mpaka wajukuu wangu wazeeke.

Sikuwa mjinga, nilijipanga. Tulikuwa wapimaji wawili, mimi na Ekwaro, kijana wa Kiteso mwenye utani mwingi. Tulikubaliana kwamba Jumatano Ekwaro atasimama kwenye mizani, nami nitakuwa nyuma ya stoo nikihesabu mapipa ya mafuta hata kama yalishahesabiwa.

Jumatano asubuhi Ekwaro akatuma salamu: homa ya malaria, hawezi kuinua kichwa.

Niliwaza kumwambia Obbo. Lakini Obbo alikuwa amejifungia kwenye chumba cha redio akiongea na ndege, na wakati wa redio hata mkewe hamsemeshi. Wapakiaji wawili tuliokuwa nao waliweza kubeba jiwe la Tororo, ule mlima unaotazama uwanja, ukiwaambia, ila kusoma namba hawakuweza. Ndege ikatua. Abiria sita wakapanga mstari. Nikapima wa kwanza, wa pili, wa tatu, huku kichwa kinazidi kuinama, kwa sababu sauti niliyokuwa naisikia mwishoni mwa mstari naijua.

Nikapima mwalimu mmoja mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga. Nikapima mnunuzi wa ng'ombe. Kisha mbele ya mizani ikasimama ile miguu. Miguu myembamba, mikavu, ya mama aliyelima maisha yake yote, imevaa viatu vyeupe vya kanisani. Pembeni kikapu chake kilikuwa kimeshapimwa: ratili thelathini na tatu barabara, ndio mwisho wa mzigo unaoruhusiwa, bila hata ratili moja ya ziada. Ningekuwa na akili ningeshuku hapo hapo. Watu hawafungi mizigo kwa usahihi namna hiyo kama hawana jingine.

Nikasema na ardhi, "Pita, Mama."

Miguu ikapita, tena haraka. Haraka ile nayo ilitaka kuniambia kitu, sikusikia.

Nikabaki na kalamu mkononi na nafasi moja tupu kwenye karatasi. Nikaitafakari ile miguu. Mtu mwenye vifundo vile, nikajiambia, hawezi kuzidi ratili mia na ishirini. Nikaandika 118. Niliandika ile nane ya mwisho kwa makusudi, maana namba iliyokisiwa huwa inaishia na sifuri, nami nilitaka hii ionekane imepimwa. Aibu hiyo naikiri waziwazi.

Obbo akatoka, akachukua karatasi, akajumlisha, akapanga viti. Abiria wa ratili 118 alikuwa mwepesi kuliko wote, akapelekwa kiti cha mwisho kabisa, mkiani. Obbo akampa rubani karatasi akarudi kwenye redio yake.

Kazi yangu iliyobaki ilikuwa kuondoa vipande vya mbao vinavyozuia magurudumu. Nikaenda nimeinamisha kichwa, kwa sababu dirisha la mwisho lilikuwa lake. Ndiyo maana niliona nilichokiona. Mtu anayetembea kichwa juu asingeona. Tairi dogo la mkia lilikuwa limebonyea, limefura ubavuni, limekaa kwenye nyasi limechoka. Tairi lile nililijaza upepo mwenyewe kila asubuhi. Nililijua. Kwa abiria wa ratili 118 lisingekaa hivyo.

Injini ya kwanza ikawaka.

Nilijitetea haraka haraka. Labda limevuja. Labda ardhi ni laini pale. Nikinyamaza, baada ya nusu saa ndege iko Kisumu, mimi nina kazi yangu, mama mkwe ana heshima yake, na hakuna aliyejua. Nikisema, nimemkosea Obbo, na nimemkosea mama wa mke wangu mbele ya umati. Kazi na ukwe, vyote asubuhi moja. Nasema kweli, nilisimama pale nikitaka kunyamaza. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kamba ya ile mbao.

Injini ya pili ikawaka, na mtoto wa yule mwalimu akaanza kulia ndani. Nikamwona Norah akiletewa habari. Nikaona atakavyoniuliza, "Ulimpima?" na mimi nitajibu nini.

Niliiacha mbao nikakimbia. Nilizunguka bawa nikasimama mbele ya ndege, mikono nimeipandisha juu ya kichwa nimeipishanisha, ishara ya kusimamisha. Rubani alinipungia niondoke. Sikuondoka. Akapiga ngumi kwenye kioo. Sikuondoka. Mwishowe injini zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Rubani, Mzungu mwekundu mwenye kaptula, alifungua mlango kwa teke. "Wewe nataka kufa? Kwa nini nasimama hapa?"

Obbo akaja mbio, waya wa redio unaning'inia shingoni. "Phanuel! Kuna nini?"

"Abiria wa mwisho sikumpima, Bwana Obbo."

"Karatasi nasema mia moja kumi na nane."

"Nilikisia."

"Kisia?" Alilitamka neno hilo utadhani nimetukana. "Wewe? Miezi tano hapana kosa, leo nakisia? Kwa nini?"

Nikamsogelea nikamnong'oneza. "Ni mama yake Norah."

Ukali ukamtoka Obbo usoni mara moja, maana naye ameoa. Mwenyewe aliwahi kutuambia jinsi alivyoruka mtaroni sokoni Nagongera, na suti yake ya harusi, ili mama mkwe apite. Akamgeukia rubani, akamweleza kwa Kiingereza, tena kwa kirefu. Rubani akasikiliza, akatazama mbingu, akatazama saa yake, akakaa chini kwenye nyasi.

"Lakini lazima apimwe," Obbo akasema taratibu. "Lazima."

"Najua."

Kabla hatujapanga la kufanya, sauti ikatoka mlangoni mwa ndege, na abiria wote wakageuka. "Mwambieni mkwe wangu aangalie mlima."

Basi nikageuka nikautazama mlima wa Tororo. Sina hakika kama kuna mtu duniani aliyeutazama mlima ule kwa bidii kama mimi siku hiyo. Kila ufa wake naujua. Nyuma yangu nikasikia ngazi, kisha hatua kwenye nyasi, kisha kile chuma cha mizani kikigonga. Obbo akasogeza uzito. Akasogeza tena. Akasogeza mara ya tatu, na mimi huku jasho linanitiririka hadi kwenye soksi.

"Mia moja sitini na tisa," akasoma.

Nikamsikia rubani akiinuka kutoka kwenye nyasi. Hatua zake zikaenda hadi mkiani, nikasikia akilipiga tairi teke kidogo, kisha zikarudi.

Ratili hamsini na moja, nyuma kabisa, joto la mchana, nyasi ndefu. Sikuthubutu kugeuka. Lakini nilichanganyikiwa vilevile, kwa sababu ile miguu niliiona kwa macho yangu. Ratili mia na sitini na tisa hazisimami juu ya miguu ile.

Nikamsikia Obbo akikohoa. "Mama, samahani. Pengine... ndani ya nguo kuna kitu?"

Yule mwalimu akasema, "Twende stoo, Mama, nitakusaidia kufungua." Wakaenda. Walipotoka, wapakiaji wakaanza kuweka vitu kwenye mizani, na Obbo akasoma kimoja kimoja kwa ile sauti yake ya ofisi.

"Unga ya wimbi, ratili kumi na sita. Karanga ya kusaga, kumi na mbili. Simsim, kumi na moja. Samaki kavu..." hapo sauti ikamkwama, "samaki kavu, tisa."

Rubani ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mnunuzi wa ng'ombe, kisha wote, na katikati ya kicheko hicho mama mkwe akajitetea kwa sauti kubwa, wala hakuwa na haya.

"Walisema mzigo isipite thelathini na tatu. Hii hapana mzigo. Hii nilikuwa navaa! Mtoto wangu anakula mkate ya Nairobi miaka tatu, nyinyi nataka niende mikono tupu? Na huyu mkwe wangu alisema pita, Mama. Mimi nikajua ameona, ananificha. Nikasema kweli binti yangu ameolewa na mtu!"

Nilicheka huku nimeukabili mlima, na nilipoona machozi yananidondokea kwenye shati niliyaacha. Hakuna aliyekufa. Unga ulikuwa chini kwenye nyasi, watu walikuwa wamesimama wazima wanacheka, na mimi nilikuwa nimesema ukweli. Sikujali kwa dakika hiyo kama nina kazi au sina.

Akapanda mizani mara ya pili. Mia moja ishirini na moja. Nilikuwa nimekosea kwa ratili tatu tu, kwa kutazama miguu! Nilitaka sana kumwambia mtu, lakini haikuwa saa ya kujisifu. Obbo akapanga viti upya, mafurushi yakaingia stoo kungoja ndege yenye nafasi, na ndege ikakimbia kwenye nyasi ikainua pua pale inapopaswa kuinua. Nikaifuata kwa macho mpaka ikapotea upande wa Kisumu.

"Ingia ofisi," Obbo akasema.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema ataandika taarifa, na rubani ataandika yake. Nirudi nyumbani hadi Ijumaa ya wiki ijayo.

Siku tisa. Norah alikuwa ameshasikia, maana habari Busia haingoji baiskeli. Alinipakulia chakula akakaa mbele yangu.

"Ulimtazama?"

"Hapana. Niliangalia mlima."

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Akashusha pumzi ndefu. Akaniongezea mboga. Kuhusu kazi hakuuliza, na mimi sikumwambia, lakini usiku nilimsikia akigeuka kitandani kama mimi. Siku zote tisa nilichimba shamba lisilohitaji kuchimbwa.

Ijumaa tulikwenda Tororo pamoja, yeye kumpokea mama yake, mimi kupokea hukumu yangu. Obbo aliniita ndani akakunjua karatasi.

"Nilisema nini siku ya kwanza?"

"Namba moja ya uongo, nakwenda nyumbani."

"Umekwenda nyumbani?"

"Nimekwenda, Bwana."

"Siku ngapi?"

"Tisa."

"Basi sheria yangu imetimia." Akaikunja karatasi. "Rubani ameandika kwamba hataki mpimaji mwingine Tororo ila wewe. Mimi nimeandika kwamba mtu asipime ndugu wala mkwe, na nimeomba tupate mpimaji mwanamke. Mwezi ujao unakwenda Nairobi kusoma. Sasa toka nje, ndege inatua, na Ekwaro peke yake ataleta utani."

Nilitoka nje. Nilijiegemeza kwenye ukuta wa ofisi, nikapumua mpaka Norah akaja mbio akidhani nimefukuzwa. Nilipomwambia, alinipiga begani kwa nguvu, akalia, akanipiga tena.

Ndege ikasimama. Nikainamisha kichwa nikaanza kurudi nyuma ya stoo, pale pangu. Norah akampokea mama yake mlangoni, akanijia mbio, akanishika mkono. "Mama anasema usiende."

Ukoo wao una njia ya kulifungua jambo hili, ingawa si wengi wanaoipata. Mama mkwe akitaka, humkabidhi mkwe wake kitu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo wanaruhusiwa kutazamana. Wengine huzeeka wakingoja. Mashahidi siku hiyo walikuwa Obbo, Ekwaro, wapakiaji wawili na rubani aliyekuwa anakula ndizi.

Blanketi jipya la Nairobi likawekwa mikononi mwangu.

"Mkwe," akasema, safari hii si kupitia kwa mtu, "ungenyamaza ile siku, mimi ningekufa na heshima yangu yote. Wangetuzika mimi na hiyo heshima pamoja. Inua kichwa."

Nikainua. Alikuwa na uso wa Norah. Macho yale yale, pengo lile lile kati ya meno ya mbele, ila yeye alikuwa na mvi, na alikuwa anacheka. Miaka sita nilikuwa nakaa na sura hiyo nyumbani bila kujua ilikotoka.

"Karibu, Mama," nikamwambia.

"Nimekaribia," akajibu, akanipa na kikapu nikibebe.